Mkia wa Karatasi

Masjala ya mahakama ile ilikuwa na madirisha matatu ya mirathi. La kwanza la Waislamu, la pili la Wakristo, la tatu la wale waliotaka mambo yao yaende kwa mila. Kila dirisha na karani wake, na kila karani na daftari lake, muhuri wake na kiburi chake. Ukikosea dirisha unasimama foleni tangu asubuhi, ufike mbele, uambiwe, "Si hapa, mama," na anayekuambia hata uso hainui. Kwa hiyo wenye akili hawakwenda dirishani moja kwa moja. Walianza nje, ukutani, chini ya bati lililotoboka, kwa mwanamke mmoja mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi. Wote walimwita Mama Chapa.

Kazi yake ilikuwa kuwapigia watu chapa: maombi, viapo, matamko, chochote kilichotakiwa ndani kiwe kimeandikwa kwa taipureta. Miaka thelathini na moja alikaa kwenye meza ile ile, mguu mmoja wa meza umekalia kipande cha tofali. Ukimjia umefiwa, swali lake la kwanza halikuwa pole. "Marehemu alikuwa anasali wapi?" Ukishamjibu, anakuonyesha dirisha kwa kidevu, anaingiza karatasi mbili na kaboni katikati, na hapo ndipo anasema, "Pole sana. Mungu akupe subira. Haya, jina kamili." Watu walimsema ana roho ngumu. Uongo mtupu. Roho yake ilikuwa laini kama ya mtu yeyote, ila foleni ilikuwa ndefu.

Jirani yake wa meza alikuwa mzee mwembamba mchonga mihuri, naye aliitwa Muhuri, basi. Muhuri alikuwa na maoni juu ya kila kitu chini ya jua.

"Mama Chapa, hivi kufa si ni kufa? Maiti ya huku na maiti ya kule zote zinafukiwa. Kwa nini karatasi zao zipitie madirisha matatu?"

"Likibaki dirisha moja, wewe mihuri utamchongea nani? Sasa hivi unakula kwa madirisha yote matatu."

"Njaa yangu isiwe ndiyo hoja, bwana."

"Njaa ya mtu ndiyo hoja yake. Niache nifanye kazi."

Walizoea kutaniana hivyo kila siku, na hakuna aliyefikiri kwamba siku moja utani ule ungeota meno.

Sasa lazima niseme habari ya barua, maana balaa lote lilianzia pale. Miaka mingi nyuma serikali ilitaka maoni ya wananchi: je, ndoa, talaka na mirathi ziwe na sheria moja kwa watu wote, au kila jumuiya iachiwe yake? Basi shehe wa mtaa na mchungaji wa mtaa, watu waliokuwa wakigombania hata kelele za vipaza sauti, wakaja pamoja mezani kwa Mama Chapa na kukaa benchi moja. Walitaka barua ya kukataa.

"Nikikubali sheria moja," alisema shehe, "itakuwa ya nani? Itakuwa ya huyu."

"Na mimi nikikubali," alisema mchungaji, "itakuwa ya huyu."

Wakatazamana, wakacheka mpaka benchi likalia. Tusiwasingizie, hoja yao haikuwa ya kijinga. Mtu aliyenyang'anywa namna yake ya kuoa na ya kugawa alichoacha baba yake hujiuliza amebaki na nini. Tatizo ni kwamba Kiswahili chao kilikuwa kimejipinda, kila mmoja anaogopa kusema neno ambalo mwenzake angeligeuza. Mama Chapa akawanyooshea. Na mwisho, kwa kuwa barua ilimpendeza, akaongeza sentensi iliyotoka kichwani mwake mwenyewe: "Mambo yote ya muumini, uhai wake na mauti yake, ndoa yake na mirathi yake, yaendeshwe kwa sheria ya dini yake, wala pasiwe na mkono mwingine juu yake."

Shehe alijipiga paja kwa furaha. Mchungaji aliomba isomwe tena. Barua ikaenda, ikasomwa huko ilikosomwa, zikaenda na nyingine za namna hiyo, na ile habari ya sheria moja ikafa kimya kimya. Madirisha yakabaki matatu.

Tangu siku hiyo Mama Chapa aliibandika sentensi ile, "yake" akiigeuza "yangu", mwishoni mwa kila tamko la dini alilopiga. Aliiita mkia. "Karatasi bila mkia," alipenda kusema, "ni suruali bila mkanda. Itakudondokea mbele za watu." Wateja waliipenda kwa uzito wake. Makarani waliizoea, wakawa wanaitafuta kwa macho kabla ya kugonga muhuri. Wapiga chapa wengine pale ukutani wakaiiga neno kwa neno, na Mama Chapa hakuwakataza, alijivuna tu. Vidole vyake vilikuwa vikifika chini ya ukurasa, vinaupiga mkia vyenyewe, huku yeye anazungumza na Muhuri.

Ajabu ni kwamba mwenye sentensi ile mwenyewe hakuwa wa dirisha lolote. Binti wa mzee wa kanisa, aliolewa na Mwislamu, fundi wa mafriji, mtu mpole mwenye mikono mikubwa ambaye mtaani walimwita Fundi Baridi. Kwao hawakutaka, kwake hawakutaka. Wakaenda kufunga ndoa ya serikali, mashahidi wawili, mmojawapo Muhuri, wakatoka mle ofisini wanacheka kama walioiba embe. Baba yake Mama Chapa alipofariki, kaka zake walipita dirisha la tatu na kumwambia, "Wewe ulikwenda kwa watu, nenda kale huko huko kwa watu." Mama yake Fundi Baridi naye aliapa kutokanyaga nyumba ya mwanawe, na kweli, miaka ishirini na saba hakuikanyaga.

Nyumba hiyo ndiyo habari yenyewe. Vyumba vitatu na ukumbi, walivyojenga wawili kwa pole pole, kuta jasho la mafriji, bati na sakafu jasho la taipureta. Fomu ya kiwanja ilikuwa na mstari mmoja wa jina la mwenye kiwanja. Mama Chapa ndiye aliyeijaza, na aliandika jina la mume, maana aliwajua makarani: wangeona majina mawili ya dini mbili, wangeuliza maswali mpaka jioni. Ndani, kabati zote zilikuwa mafriji mabovu yaliyoshindikana. Nguo ziko kwenye friji, vyombo viko kwenye friji, na nyaraka za nyumba zilikaa pale juu penye kugandisha barafu. Mgeni akifungua akakuta mashuka, Fundi Baridi anamwambia, "Hayo yakipoa yanadumu." Binti yao wa pekee, mwalimu wa chekechea, alikulia humo, na Jumapili alikwenda kanisani na mama yake. Baba yake hakuwahi kumuuliza kwa nini.

Kisha figo za Fundi Baridi zikagoma. Mwaka wa kwanza aliendelea kutengeneza mafriji akiwa amekaa kwenye stuli. Mwaka wa pili alilala. Na alipolala hakutaka dawa zaidi, hakutaka nyama, hakutaka redio. Alitaka jambo moja tu.

"Namtaka mama."

Mdogo wake, muuza vitambaa, akatumwa kwa bibi kizee, mama yao, na kurudi na jibu. Alisimama ukumbini, kofia mkononi, anaona haya.

"Shemeji, mama anasema atakuja. Lakini anataka karatasi. Kaka aandike kwamba ni Mwislamu, kwamba atazikwa Kiislamu. Anasema mwanawe alitia saini serikalini akapotea, basi arudi kwa saini."

"Mimi sikupotea," Fundi Baridi alisema toka kitandani. "Nilikuwa kazini." Akacheka, akakohoa. "Mke wangu, niandikie. Mistari miwili tu."

Mama Chapa aliileta taipureta nyumbani siku hiyo hiyo mchana. Aliiweka juu ya friji moja lililolazwa chali, lililokuwa meza yao ya kulia. Alipiga mstari wa kwanza: mimi fulani ni Mwislamu, sijawahi kuacha. Alipiga wa pili: nikifa nizikwe kwa taratibu za dini yangu. Mistari miwili ilikwisha. Lakini macho yake yalikuwa yamejaa machozi, chumbani mume anaita maji, na vidole vikafanya vilichozoea kufanya miaka yote. Vikashuka chini, vikapiga mkia.

Fundi Baridi alitia saini bila kusoma. Mdogo wake alipomwambia asome kwanza, alisema, "Kaandika mke wangu, nisome nini?" Mdogo mtu akashuhudia, na jirani mmoja akashuhudia. Mama Chapa mwenyewe hakukumbuka alichopiga. Ungemuuliza jioni ile angekuapia kwamba karatasi ina mistari miwili.

Kesho yake bibi kizee akaja. Aliingia kwa mguu wa kulia, akaangalia mafriji yote yale, akasema, "Mwanangu, umeoa dukani?" Fundi Baridi akacheka kama mtoto. Siku tisa bibi alikaa pembeni ya kitanda, ameushika mguu wa mwanawe uliovimba, anamlisha uji kwa kijiko, anamkemea asiongee sana. Siku ya kumi Fundi Baridi akafa, mkono mmoja kwa mama, mwingine kwa mke. Mama Chapa alilia mpaka sauti ikakauka, lakini moyoni alishukuru. Alisema karatasi ile ni kazi bora aliyopata kuifanya maishani.

Miezi miwili baadaye shemeji alikuja tena, kofia mkononi vile vile.

"Shemeji, nikae?"

"Kaa. Toka lini unaomba?"

Alikaa. Alizungushazungusha kofia. "Ndugu tumefungua mirathi. Dirisha la kwanza. Kaka alikuwa Mwislamu na ameandika mirathi yake iende kwa sheria ya dini yake. Sasa kwa sheria hiyo, wewe na binti, kwa kuwa hamsali tunaposali..."

"Wapi ameandika?"

Akatoa karatasi. Mama Chapa akaitambua kabla haijakunjuliwa. Akasoma mstari wa kwanza, wa pili, kisha akafika chini. Uhai wangu na mauti yangu, ndoa yangu na mirathi yangu. Aliivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma tena. Maneno yalikuwa pale pale.

"Hakusema hivi," alisema. "Shemeji, wewe ulikuwepo. Alisema mistari miwili."

"Nilikuwepo. Lakini niliona anatia saini karatasi yote." Shemeji alikuwa analia. "Mimi sina ubaya na wewe, Mungu anaona. Ila jambo la dini silipindishi kwa kuwa nakupenda. Leo nikilipindisha kwako, kesho nitalipindisha kwa nani?"

Afadhali angekuwa mwovu! Mtu mwovu unamtukana, unapumua. Huyu alikunywa maji, akaaga kwa heshima, akafunga mlango taratibu asije akalipiga friji lililokuwa nyuma yake.

Basi Mama Chapa, aliyewaonyesha maelfu ya watu njia kwa kidevu, akaanza kuzunguka mwenyewe. Dirisha la kwanza, karani aliyemfahamu miaka kumi na miwili akamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, hapa wewe si mrithi." La pili: "Marehemu hakuwa wa kwetu. Nikupokee kwa jina la nani?" La tatu: "Kwa mila ya ukoo upi? Wa kwako wamekukana, wa kwake wako dirisha la kwanza." Akauliza ndoa yake ya serikali inasemaje. Karani wa tatu, ambaye alikuwa na huruma kidogo, akamweleza vizuri.

"Mngeachana, ungekwenda chumba namba mbili mkagawana mlichochuma pamoja. Huko hawaulizi dini. Lakini yeye amekufa. Kufiwa ndiko kwenye madirisha."

"Kwa hiyo angenifukuza ningepata nusu. Nimemuuguza nimepata kapa."

"Mimi sikutunga, mama."

Alikwenda kwa shehe. Shehe alikuwa amezeeka, macho yamefifia, lakini aliikumbuka ile barua. Alimkaribisha kwa upole. "Sheria yetu haikukufungia kabisa, binti yangu," alisema. "Angeandika wosia, mpaka theluthi angeweza kukuachia wewe na mtoto. Mlango ulikuwepo. Kwani si wewe unayewaandikia watu wosia?" Wosia wa watu wengine aliupiga hata akiwa na homa, lakini siku ya kumwambia mumewe "tuandike" ilikuwa kila mara kesho, maana ni nani anapenda kumwambia mgonjwa wake hivyo? Mfinyanzi hulia gaeni. Mchungaji naye alimpa chai na kumwambia kwamba kanisa halina daftari la ndoa yake, ila angefurahi sana kumwombea.

"Mlikataa sheria moja," Mama Chapa alimwambia mchungaji. "Mlikaa benchi moja kwangu mkaikataa."

"Tulikataa, ndiyo. Tulikuwa tunalinda watu wetu."

"Na mimi ni mtu wa nani?"

Mchungaji alitazama chai yake. Hakuwa mtu mbaya. Alisema hilo hawakulifikiria, na huo ulikuwa ukweli.

Siku ya kesi, chumba kilijaa. Nyuma kulikuwa na benchi la wanaosubiri zamu zao, na wengi walishika bahasha zilizotoka mezani kwa Mama Chapa mwenyewe. Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye macho ya mtu aliyelala kidogo. Aliisoma karatasi kimya, kisha akausoma mkia kwa sauti. Sauti yake ilikuwa nzuri, na maneno yalisikika mazuri kuliko siku zote.

"Nani alipiga chapa tamko hili?"

"Mimi."

"Maneno ni ya marehemu?"

Hapo ndipo palipokuwa na makali ya wembe. Muhuri, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele, alishamweleza tangu jana yake: "Sema kweli kwamba umeongeza, mkia ukikatwa huenda hakimu akaiangalia ndoa yenu ya serikali, ndiyo njia pekee ya kuokoa nyumba. Lakini ukisema, kila karatasi yako iliyomo mle ndani itaoza." Binti yake alikuwa amemshika gauni kwa nyuma kama alipokuwa mdogo. Mama Chapa alitazama benchi la nyuma. Aliwatambua. Mjane wa seremala. Wale mapacha wa mwenye duka la viatu. Bibi mmoja aliyekwisha kupewa shamba lake kwa tamko lenye mkia.

"Mistari miwili ya kwanza ni ya marehemu," alisema. "Huo wa mwisho niliongeza mimi. Hakunituma. Ni mazoea ya kazi."

Chumba kikavuma. Hakimu akaweka kalamu chini.

"Mama, unaiambia mahakama kwamba karatasi unazowapigia watu zina maneno ambayo wenyewe hawakuyasema?"

"Zina mkia, mheshimiwa. Wote wanaujua. Hata hapa ndani mnautaka."

"Wanausoma kabla ya kutia saini?"

"Wengine wanausoma."

"Mumeo aliusoma?"

Angeweza kudanganya hapo. Mungu angemsamehe, na mimi ningemsamehe. "Hakusoma," alisema. "Alisema kaandika mke wangu, nisome nini."

Mtu mmoja nyuma akacheka kidogo. Hakimu alishika kichwa. Uamuzi wake aliusoma baada ya wiki mbili, na aliusoma polepole kama mtu anayejisomea mwenyewe hukumu. Alisema mtu mzima mwenye akili timamu akitia saini, amesema. Alisema mahakama haiwezi kupasua kila karatasi itafute upi mstari wa mwenyewe na upi wa mpiga chapa, ama sivyo hakuna mrithi atakayelala usingizi. Alisema anaona dhahiri kwamba mwanamke huyu amejenga nyumba hii na sasa anaipoteza. Alisema kama nchi ingekuwa na sheria moja ya mirathi angemhukumia vingine, lakini wananchi waliulizwa wakakataa, naye hakuwekwa pale kuwatungia. Nyumba ikaenda kwa mama wa marehemu na ndugu zake.

Bibi kizee, alipoambiwa, alipanda bodaboda mwenyewe hadi kwa mkwewe. Alikaa juu ya friji la ukumbini.

"Kaa, mwanangu. Kwenye fungu langu mimi, kaa tu mpaka nife."

"Mama, fungu lako ni kipande. Wanao ni watano."

"Nitawaambia."

Aliwaambia. Wawili walikubali, watatu walikuwa na watoto wa kusomesha, na nyumba haikatwi kama mkate. Ikauzwa. Mnunuzi hakutaka mafriji, yakatolewa nje barabarani moja moja, milango wazi, na watoto wa mtaa wakacheza humo mpaka mwenye vyuma chakavu alipokuja kuyabeba. Binti alipata chumba cha kupanga karibu na chekechea yake, na mama yake akalala kwenye godoro sakafuni, kichwa karibu na mlango.

Mezani nako hakukubaki kitu. Siku tatu tu baada ya kesi, karani wa dirisha la kwanza alianza kuuliza, "Hii imepigwa wapi?" Ukisema kwa Mama Chapa, anaiweka pembeni. Mapacha wa duka la viatu walishtakiwa na baba mdogo wao kwamba tamko lao lina maneno ya kupachikwa. Mjane wa seremala alipita mbele ya meza bila kusalimu. Muhuri peke yake ndiye aliyebaki anasogeza stuli karibu, na hata yeye utani ulimwishia.

"Ulisema kweli," alimwambia siku moja.

"Nimepata nini kwa kweli?"

Muhuri aliendelea kuchonga muhuri wake. Chini ya ukuta ule, wapiga chapa wengine wanne waliendelea kugonga mashine zao.

Asubuhi moja ya Jumatatu, msichana mmoja mjamzito alikuja, mgeni wa pale, hakujua habari zozote. Aliona meza isiyo na foleni akashukuru Mungu.

"Shikamoo, mama. Mume wangu anaumwa. Wazazi wake wanataka aandike karatasi kwamba yuko kwenye dini yao, ndipo waje kumwona."

Mama Chapa hakuingiza karatasi. "Yeye anasali wapi? Na wewe unasali wapi?"

Msichana akajibu. Ilikuwa kama alivyodhani.

"Ndoa mlifunga wapi?"

"Serikalini."

"Binti yangu, nisikilize. Kabla ya hii karatasi, mwambie mumeo aandike wosia. Leo. Nitakupigia bure."

Msichana alirudi nyuma hatua moja, mkono tumboni. "Mama, mume wangu hafi! Anaumwa tu. Unamtabiria kifo kwa nini?"

"Simtabirii. Nakuambia..."

"Wewe niandikie nilichotumwa."

Mama Chapa akaingiza karatasi. Akapiga mistari miwili, polepole, kwa vidole viwili kama anayejifunza. Vidole vingine vilitaka kushuka chini, akavishika. Akaitoa karatasi, akaikabidhi.

Msichana aliigeuza, akatazama nyuma yake, akaigeuza tena. "Mbona fupi? Ya jirani yangu ilikuwa ndefu, ina maneno mazito hapa mwisho. Wakwe zangu wataniona nimewafanyia mzaha."

"Ndiyo aliyosema mumeo. Zaidi ya hapo hajasema."

Msichana alimtazama miwani yake yenye uzi, meza yake tupu, tofali lake. Akaiacha karatasi pale mezani, akasema asante kwa adabu, na kwenda meza ya tatu kutoka pale, kwa kijana mnene mwenye haraka aliyemkaribisha kwa kumfutia kiti.

Mashine ya meza ya tatu ikaanza kulia. Mama Chapa hakugeuka. Aliusikia mstari wa kwanza, kengele, kisha wa pili, kengele. Halafu ikatulia kidogo, kama ya kwake ilivyokuwa ikitulia, na ikaendelea. Miaka thelathini na moja ya kazi. Sikio halikuhitaji kuona. Alijua mahali hasa vidole vya kijana yule vilipofika, akaisema sentensi yote pamoja navyo bila kutoa sauti, mpaka nukta.